Maumivu ya Ugoko: Mwongozo wa Kutambua na Kutibu Ufa wa Uchovu kwa Wagonjwa wa Nje

Vijana waliomaliza kidato cha sita wakishaingia kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), au makuruta wakisharipoti Kiganjo na Eldoret, hazipiti wiki nyingi kabla ya zahanati za jirani kuanza kupokea watu wanaochechemea. Iten na Mbulu hali ni hiyohiyo pale wakimbiaji wanapoongeza kilomita kujiandaa na mashindano. Wengi huambiwa ni misuli, huchomwa sindano ya diklofenaki, na kesho yake wako uwanjani. Wapo ambao kweli ni misuli tu. Wengine mfupa umeshaanza kupasuka, na kila mbio wanayokimbia inauvunja zaidi.

Mwongozo huu ni wako wewe tabibu, muuguzi au daktari unayeona wagonjwa wa nje, iwe una eksirei chumba cha pili au ipo hospitali ya wilaya, mwendo wa saa mbili kwa basi. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: ufa wa uchovu hutambuliwa kwa maswali na kidole gumba, na hutibiwa kwa kupunguza mzigo, kwa maelekezo yaliyoandikwa bila utata. Eksirei safi isikufanye umrudishe mtu gwarideni.

Mfupa unavyochoka

Mfupa hai hujikarabati kila siku. Ukipewa kazi mpya, kwanza seli zake hubomoa sehemu zilizochakaa, kisha seli nyingine hujenga upya. Kubomoa huchukua takriban wiki 3. Kujenga hadi mfupa ukomae huchukua miezi kadhaa. Ni kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya: fundi hubandua udongo uliolegea kabla ya kukandika mwingine, na ukuta ukisukumwa katikati ya kazi hiyo, unaachia. Ndiyo maana maumivu mengi hujitokeza wiki 2 hadi 5 baada ya mazoezi kuongezwa ghafla, wala si siku ya kwanza.

Jeshi ndilo lililoyajua haya mapema. Mwaka 1855, Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika kuhusu nyayo za askari zilizovimba na kuuma baada ya matembezi marefu, asijue chanzo. Eksirei ilipogunduliwa, mwaka 1897 Stechow alionyesha kwamba mifupa ya nyayo za askari hao ilikuwa imepasuka. Kwa wakimbiaji, mfupa unaoongoza kupata ufa wa namna hii ni tibia, na fibula nayo huguswa, hasa sehemu yake ya chini, juu kidogo ya kifundo.

Maswali yasiyokosekana

Mgonjwa akikaa, usikimbilie fomu ya eksirei. Uliza haya:

1. Maumivu yalianza lini, na wiki 4 hadi 6 kabla ya hapo nini kilibadilika? Tafuta ongezeko la umbali, kasi, mizigo au milima, buti mpya, kuhama kutoka njia ya vumbi kwenda lami, au kurudi mazoezini baada ya likizo ndefu.
2. Yanakuja wakati gani? Ufa wa uchovu una mwendo wake. Mwanzo huuma mwisho wa mbio, kisha katikati, kisha tangu hatua ya kwanza, baadaye hata kwa kutembea, na hatimaye hata usiku.
3. Amewahi kupata ufa kama huu? Aliyewahi kuupata yuko hatarini zaidi kuupata tena.
4. Anakula nini, mara ngapi, na amepungua uzito?
5. Anatumia dawa gani? Steroidi, fenitoini na fenobabito hudhoofisha mfupa. Tenofovir iliyomo katika ARV hupunguza uzito wa mfupa, na sindano ya Depo nayo vilevile. Usimsimamishie mtu dawa hizi kwa sababu ya ugoko. Andika kwenye daftari lake na uwasiliane na CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) au kliniki ya uzazi wa mpango.
6. Anavuta sigara?

Kwa mwanamke ongeza swali la hedhi, na uliulize mkiwa wawili tu, mkufunzi au kocha akiwa nje. “Dada, tangu uanze mazoezi haya hedhi yako inakujaje?” Akikosa hedhi miezi 3 au zaidi, pima mimba kwanza. Kama hana mimba, fikiria kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza tatizo hili kuwa ni upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na ikaonya kwamba huwapata hata wanaume. Mgonjwa wa aina hii ukimtibu mguu pekee atarudi na ufa mwingine.

Kupima mguu

Tuseme kaja kuruta wa miaka 19, wiki ya nne ya mafunzo. Amekusalimu, umemwitikia. Mwambie avue buti na soksi za miguu yote miwili, apandishe suruali juu ya goti, atembee hadi mlangoni na kurudi. Tazama kama anachechemea. Kisha mkalishe kitandani na umwombe jambo moja: “Nionyeshe panapouma, kwa kidole kimoja.”

Akiweka ncha ya kidole mahali pamoja na kusema “hapa hapa, daktari,” masikio yako yasimame. Akipitisha kiganja kizima kutoka juu ya kifundo hadi katikati ya ugoko, huenda ni tatizo jingine.

Sasa tumia kidole gumba chako. Anzia kwenye fundo la ndani la mguu, panda taratibu ukifuata ukingo wa ndani wa tibia hadi karibu na goti, ukibonyeza kila sentimita. Rudia ukipita juu ya ukingo wa mbele, ule mkali unaoshikika chini ya ngozi. Malizia na fibula upande wa nje. Mtazame usoni unapobonyeza, maana kuruta anayeogopa kuitwa mvivu hatasema “aa” kwa sauti. Palipouma, weka alama kwa kalamu juu na chini, kisha pima kwa futi kamba.

- Uchungu mkali, wa mahali pamoja, usiozidi sentimita 5, tena juu ya mfupa wenyewe: chukulia ni ufa wa uchovu hadi ithibitike vinginevyo.
- Uchungu uliotandaa zaidi ya sentimita 5 kwenye ukingo wa ndani, theluthi mbili za chini za ugoko: yaelekea ni maumivu ya ugoko ya mazoezi, ambayo mfupa umekereka lakini haujapasuka. Yasiposhughulikiwa, yanaweza kuelekea kwenye ufa.

Unaweza pia kumwomba aruke kwa mguu mmoja unaouma, lakini kwa tahadhari. Kama anaumwa akitembea, au umeshapata uchungu mkali kwenye mfupa, usimwambie aruke, maana mfupa unaweza kuvunjika kabisa mbele yako. Kipimo cha uma wa sauti, unaowekwa juu ya mfupa ukitetema, usikitegemee kuondoa wasiwasi. Ukiona mgonjwa hashtuki, hujathibitisha kwamba mfupa ni mzima.

Hitimisha kwa kugusa mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, hisia kati ya vidole, na goti na nyonga. Kuruta au mkimbiaji anayelalamika maumivu ya kinena akitembea anaweza kuwa na ufa kwenye shingo ya fupa la paja. Huyo mpe magongo, asikanyage kabisa, apelekwe rufaa siku hiyohiyo.

Magonjwa yanayojificha nyuma ya ugoko

Si kila ugoko wa kijana ni wa mazoezi. Kabla hujaandika ufa wa uchovu, pitia haya:

- *Saratani ya mfupa.* Kijana wa miaka 10 hadi 20, uvimbe karibu na goti, maumivu ya usiku yasiyohusiana na mazoezi, kupungua uzito. Peleka rufaa mapema. Kumbuka pia kwamba mfupa mpya unaoota kuuponya ufa unaweza kufanana na saratani chini ya hadubini, kwa hiyo uamuzi wa kuchukua kinyama uachwe kwa bingwa wa mifupa aliyeona picha na kusikia historia.
- *Maambukizi ya mfupa, pamoja na kifua kikuu.* Homa, joto la ngozi, usaha, kutokwa jasho usiku. Pima FBP na ESR.
- *Selimundu.* Mwenye ugonjwa huu anaweza kuwa na mfupa uliokosa damu au ulioambukizwa. Uliza historia ya familia.
- *Damu iliyoganda kwenye mshipa.* Shavu la mguu limevimba upande mmoja, linauma, hasa baada ya safari ndefu, kulazwa au kujifungua.
- *Shinikizo ndani ya misuli.* Mguu unabana na kufa ganzi baada ya dakika zilezile za kukimbia, kisha unatulia muda mfupi baada ya kusimama. Mfupa ukibonyezwa hauumi.
- *Mfupa laini kwa ukosefu wa vitamini D.* Maumivu ya mifupa mingi, udhaifu wa mapaja, mwendo wa bata. Mfikirie mwanamke anayenyonyesha, au mtu asiyepata jua kwenye ngozi.

Eksirei inavyosaidia na inavyopotosha

Agiza picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, zenye tibia na fibula kwa urefu wake wote. Kwenye fomu andika mahali hasa ulipopata uchungu: “tibia ya kulia, ukingo wa ndani, sm 9 juu ya fundo.” Anayesoma picha akijua pa kutazama, huona zaidi.

Katika wiki 2 hadi 3 za mwanzo, picha nyingi huwa safi. Baadaye hujitokeza ukungu kwenye gamba la mfupa, utando mpya wa mfupa pembeni, mstari mweupe unaokatiza, au nundu ya uponyaji. Kuna ufa ambao hauonekani kwenye eksirei hata kidogo. Kwa hiyo picha yenye dalili inathibitisha, ila picha safi haikanushi. Ukiwa na shaka, mtibu kama mwenye ufa na urudie picha baada ya wiki 2 hadi 3.

MRI ndicho kipimo bora. Huona uvimbe ndani ya mfupa kabla ya mstari wa ufa kutokea, na hupima ukubwa wa tatizo. Itafute pale jibu litakapobadilisha uamuzi: unashuku eneo la hatari, mgonjwa haponi ulivyotarajia, au unaogopa saratani. Kwa ufa wa kawaida wa ukingo wa ndani, usimchangishe ndugu yake fedha za MRI ili kuthibitisha kitu utakachokitibu vilevile.

Je, ufa uko mahali pa hatari?

Hapa ndipo kosa lina gharama kubwa.

*Hatari ndogo:* ukingo wa ndani na wa nyuma wa tibia, na mwili wa fibula. Sehemu hizi za tibia hubanwa mtu anapokanyaga, na hupona kwa kupumzishwa. Wagonjwa hawa unaweza kuwatibu hapo kituoni.

*Hatari kubwa:* ukingo wa mbele wa tibia katikati ya ugoko, fundo la ndani la kifundo, na ufa unaoingia kwenye kiungo cha goti. Ukingo wa mbele huvutwa kila hatua, nao una damu kidogo, hivyo ufa wake huchelewa kuunga na mfupa unaweza kuvunjika kabisa. Kwenye picha ya ubavuni tafuta mstari mweusi mwembamba unaokata gamba la mbele. Mgonjwa huyu mpe magongo, asikanyage, mfunge POP nusu kama anaumia, na umpeleke kwa bingwa wa mifupa: MOI (Muhimbili), KCMC, Bugando, Hospitali ya Rufaa ya Moi Eldoret, au iliyo karibu nawe. Wengine huhitaji miezi mingi ya kupumzika, na wengine chuma ndani ya mfupa.

Matibabu ya ufa wa hatari ndogo

*Ondoa mdundo.* Aache kukimbia, kuruka, gwaride na kubeba mizigo. Kutembea kunaruhusiwa kama hakuumi. Akichechemea, mpe magongo hadi atembee sawa. POP si lazima kwa kila mtu. Kama kutembea kwenyewe kunauma, mfunge nusu au mpe buti la kutibia kwa wiki 2 hadi 3, kisha uvitoe, misuli isije ikanyauka. Kuna ushahidi kwamba kifaa cha kubana mguu chenye hewa huharakisha kurudi kazini; kinapopatikana, kitumie.

*Tuliza maumivu kwa parasetamoli,* gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku. Epuka diklofenaki na ibuprofeni. Zinashukiwa kuchelewesha mfupa kuunga, na zinamfanya mgonjwa asisikie onyo la mguu wake. Kuchuliwa kwa nguvu juu ya mfupa na kuchanjwa chale hakuungi ufa. Mweleze kwa heshima, bila kumdhihaki aliyemsaidia nyumbani.

*Mlishe.* Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na kijana wa chini ya miaka 19 anahitaji 1,300. Robo lita ya maziwa au mtindi ina kama 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo kizuri na cha bei nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa makuruta wanawake wa jeshi la majini la Marekani ulionyesha kwamba miligramu 2,000 za kalsiamu na uniti 800 za vitamini D kila siku zilipunguza nyufa hizi kwa asilimia 20 hivi. Kwa mtu anayekula kidogo au asiyepata jua, vidonge hivyo vina maana. Lakini vidonge haviwezi kuziba nafasi ya sahani ya wali au ugali anayoikosa kila siku.

*Linda pumzi yake.* Baiskeli, kuogelea, mazoezi ya mikono na kiwiliwili yanaruhusiwa yasipouma. Mwanariadha aliyeambiwa tu “pumzika” atakimbia kwa siri alfajiri. Aliyepewa kazi mbadala ataifuata.

Andika ED (cheti cha mapumziko ya kazi) inayotekelezeka

Dawa kuu ya ugonjwa huu haimo duka la dawa. Iko mikononi mwa afande, kocha au mwajiri anayepanga mzigo wa kesho. Kuandika “kazi nyepesi siku 3” hakusaidii, kwani kila mkufunzi ana maana yake ya wepesi, na siku 3 haziungi mfupa. Andika hivi:

“Ana ufa wa uchovu, tibia ya kulia. Haruhusiwi kukimbia, kuruka, kichurachura, gwaride wala kubeba mizigo kwa wiki 4 kuanzia leo. Anaruhusiwa kutembea kwenda darasani na mesini, mazoezi ya mikono akiwa amekaa, na baiskeli. Atarudi kliniki baada ya wiki 2. Mazoezi yataongezwa kwa maelekezo ya kliniki.”

Weka tarehe, saini na muhuri, na nakala ibaki kwenye daftari la mgonjwa.

Kurudi kukimbia

Mwone kila wiki 2. Kwa tibia, wengi huwa tayari kuanza kukimbia baada ya wiki 6 hadi 8. Kwa fibula, wiki 4 hadi 6. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Kabla ya kuanza, awe ametembea bila maumivu siku 10 hadi 14 mfululizo, na kidole gumba chako kikibonyeza palepale asisikie uchungu. Kisha apande ngazi hizi, siku moja anafanya, siku moja anapumzika:

1. Kutembea haraka dakika 30.
2. Kukimbia polepole dakika 1, kutembea dakika 4, mara 6.
3. Kukimbia 2, kutembea 3, mara 6.
4. Kukimbia 3, kutembea 2, mara 6.
5. Kukimbia 4, kutembea 1, mara 6.
6. Kukimbia polepole dakika 20 hadi 30 mfululizo.

Kila ngazi airudie angalau mara 2 kabla ya kupanda. Uchungu ukirudi mahali palepale, wakati wa mbio au asubuhi yake, asimame hadi uishe, kisha ashuke ngazi moja. Akishafika ngazi ya 6, aongeze umbali kwanza, kama asilimia 10 kwa wiki, kasi ifuate, milima na mizigo iwe ya mwisho. Mwanariadha mwenye hatua ndefu mfundishe kufupisha hatua na kuongeza idadi yake kwa dakika, asilimia 5 hadi 10. Mzigo kwenye tibia hupungua.

Mpeleke rufaa kama baada ya wiki 6 hadi 8 za mapumziko ya kweli bado anaumwa, kama maumivu yanazidi hata akiwa amepumzika, au kama huu ni ufa wake wa pili.

Wakija watatu kutoka kambi moja

Weka rejesta ndogo: tarehe, umri, jinsia, kambi au timu, wiki ya mafunzo, mahali pa ufa. Ukiona majina matatu kutoka mahali pamoja ndani ya mwezi mmoja, mpigie simu mkuu wa mafunzo, au nenda ukamwone. Mweleze mambo anayoweza kuyabadilisha bila kushusha ubora wa askari au mwanariadha wake: mbio ziongezwe kidogo kidogo katika wiki 4 za mwanzo, baada ya siku nzito ije siku nyepesi, wafupi wawekwe mbele katika matembezi ili wasinyooshe hatua kuwafuata warefu, buti zilizolika soli zibadilishwe, chakula kiongezwe mazoezi yanapoongezwa, na anayesema ugoko unamuuma aletwe kliniki wiki hiyohiyo. Mwambie na hesabu inayomhusu: kuruta aliyepumzishwa mapema hurudi mstarini ndani ya wiki 8 hadi 12, bali aliyelazimishwa hadi mfupa ukavunjika huenda asimalize kozi kabisa. Wakufunzi wengi husikiliza wakielezwa hivyo, na mazungumzo hayo mamoja yanaweza kuokoa miguu mingi kuliko utakayoitibu mwaka mzima.